Ngoma za Burundi katika albamu ya Waingereza: zimo au hazimo?

Swali: "Mzee, shikamoo. Mimi ni kijana wa Buyenzi, hapa Bujumbura, natengeneza muziki kwa kompyuta chumbani kwangu. Kuna mtu kanihakikishia kwamba mwaka 1980 bendi ya Uingereza, Adam and the Ants, ilitoa albamu ya roki iliyojaa ngoma zetu za kifalme, ikauza kuliko zote, na wapigaji wetu hawakuambulia kitu. Nimeitafuta nikaisikiliza. Ngoma nazisikia, lakini sizitambui. Sasa zimo au hazimo? Walizipataje? Na mimi nikitaka kuwaweka abatimbo, wapigaji wetu wa ngoma, kwenye albamu yangu, nianzie wapi nisije nikawa kama hao?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Sikio lako halijakudanganya. Umesema unazisikia lakini huzitambui, na kwa kweli ungeweza kuishia hapo, umeshajijibu. Ndani ya albamu hiyo, Kings of the Wild Frontier, hamna hata sekunde moja ya mpigaji kutoka Burundi. Zilizomo ni dramu za kizungu, zimepigwa na vijana wawili wa Kiingereza walioifahamu Burundi kupitia kaseti. Na kaseti yenyewe haikuwa na Burundi tupu. Ilikuwa Burundi iliyokwisha kupita Paris ikaongezwa chumvi.

Kwa hiyo aliyekwambia "zimo" amekosea, na atakayekwambia "hazimo" atakuwa anakwepa. Njia ya ngoma hizi kutoka kilimani hadi London ina vituo vyake kama njia ya daladala, na karibu kila kituo kuna mtu alishushwa. Twende nacho kimoja kimoja.

Kituo cha kwanza unakijua kuliko mimi, lakini kuna wenzako wanaosoma wasiokijua. Kirundi kina neno moja, ingoma, ambalo ni ngoma na ni utawala wa mfalme pia. Zinachongwa kwenye gogo la umuvugangoma, mti ambao huku kwetu tunauita mringaringa, na jina lake la Kirundi lenyewe linasema kazi yake: mti unaoifanya ngoma itoe sauti. Zamani zilisikika kwenye mambo mazito ya ufalme, na hasa umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Zinapangwa nusu duara, kwa kawaida kumi na kitu, idadi isiyogawanyika kwa mbili. Amashakwe hushika pigo lisilokatika, kama mkeka uliotandikwa chini. Ibishikizo huifuata ngoma iliyo katikati. Hiyo ya katikati ni inkiranya, na ndiyo inayoamuru. Anayeipiga anaruka, anageuka, anaita, na wengine wanaitika. Kisha anampisha mwenzake. Shika hilo la inkiranya, nitalirudia.

Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walirekodi muziki huko Burundi kwa ajili ya Ocora, lebo iliyokuwa chini ya shirika la utangazaji la Ufaransa. Ikatoka santuri iitwayo Musique du Burundi. Itazame hiyo tarehe. Ufalme wa Burundi ulifutwa Novemba 1966. Ngoma za mfalme zilinaswa kwenye tepu wakati mfalme mwenyewe ameshaondoka. Santuri ile ina mambo mengi ya kupendeza, wako wasichana wanaosalimiana kwa akazehe, yuko mtu anayenong'ona huku akipapasa inanga, sauti yake na nyuzi zikichanganyika hadi hujui kipi kinaimba. Hayo hakuna aliyeyataka London. Kilichotakiwa ni zile dakika za ngoma.

Kituo cha pili ni Paris, 1971. Mwanamuziki mmoja wa Kifaransa aliyetumia jina la Mike Steiphenson alizichukua ngoma zile kutoka kwenye rekodi ya Ocora, akaziwekea juu gitaa, kinanda na dramu, akautoa wimbo kwa jina Burundi Black. Uliingia chati ya Uingereza, ukafika nafasi ya 31. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, jambo kubwa lilipotokea, kubwa kuliko albamu unayoniuliza. Sauti ya Warundi ilikuwamo, mikono yao yenyewe, na jina lililoandikwa kwenye lebo lilikuwa la mpiga kinanda. Miaka minne baadaye, 1975, mwimbaji wa Kanada Joni Mitchell naye alizizungusha ngoma hizohizo kwenye wimbo wa The Jungle Line na kuweka sinthesaiza juu yake. Wimbo mzuri sana, na yeye angalau alisema waziwazi kuwa ngoma ni za Burundi.

Sasa London. Ujue kwanza hali ilivyokuwa. Panki, roki ya fujo ya vijana, ilikuwa imelipuka 1976 na 1977, na kufikia 1979 imekwisha pumzi. Waliobaki walikuwa vijana wenye nguvu ileile lakini wamechoka na gitaa la kufoka na mavazi meusi. Wakaanza kuokota: huyu kaokota rege, huyu sinthesaiza za Wajerumani, huyu muziki wa dansi wa Marekani. Mkusanyiko huo wa kila namna ndio uliopewa jina niu wevu, wimbi jipya. Adam Ant, jina lake la kuzaliwa Stuart Goddard, alikuwa mmoja wa hao. Bendi yake ilikuwa na wapenzi wachache wenye imani kali, na albamu ya kwanza, Dirk Wears White Sox ya 1979, ilitolewa na lebo ndogo na haikumtoa pale alipokuwa.

Mwisho wa mwaka huo akaenda kwa Malcolm McLaren, yule aliyekuwa meneja wa bendi ya panki ya Sex Pistols, akamlipa pauni 1,000 amfundishe namna ya kutoka. McLaren akampa masomo, na pamoja na masomo akampa kaseti ya nyimbo mchanganyiko za kusikiliza. Burundi Black ilikuwamo. Halafu, Januari 1980, mwalimu huyohuyo akamnyang'anya mwanafunzi wake bendi. Mpiga gitaa, mpiga besi na mpiga dramu wote wakahama, wakaunda Bow Wow Wow wakiwa na msichana wa miaka 13 mbele ya maiki, Annabella Lwin. Adam akabaki na vitu viwili: jina la bendi na ile kaseti.

Mimi huwa nacheka hapa. Watu wamegombania ngoma za Gitega ndani ya chumba cha mazoezi London, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga Gitega.

Adam akamtafuta mpiga gitaa Marco Pirroni, wakawa wanatunga pamoja. Kwa kuwa alikuwa bado anadaiwa kazi na ile lebo ndogo, akaingia studio kuurudia wimbo mmoja wa zamani, na prodyuza aliyepewa kazi hiyo alikuwa Chris Hughes. Hughes alikuwa anajua kupiga dramu. Adam akamwomba abaki, apige, na aitengeneze albamu. Hughes akajiita Merrick. Wa pili kwenye dramu akawa Terry Lee Miall, na besi akaishika Kevin Mooney. Wakapata mkataba na CBS, na Agosti 1980 wakaenda Rockfield, studio iliyo kwenye shamba huko Wales, karibu na mji wa Monmouth. Mnalala hapohapo, mnakula hapohapo, nje kuna ng'ombe. Kwa kazi ya ngoma mahali kama hapo ni pazuri: hakuna jirani wa kugonga ukuta, na una muda wa kukosea.

Nikueleze sasa walichokifanya, maana wewe ni mtu wa studio na hili litakufaa kuliko historia yote niliyoimwaga hapo juu.

Dramu ya kawaida ya roki hujengwa kwa vitu vitatu: dramu kubwa ya mguu chini, sneya, dramu ndogo yenye mlio mkali, katikati, na haihati, jozi ya matoazi, inayochakacha juu bila kupumzika. Ile haihati ndiyo inayokwambia hii ni roki, hata kama imefifishwa kiasi gani. Sikiliza Kings of the Wild Frontier, ule wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu. Kinachotembea ni tomu, zile dramu nene za pembeni, na haihati imesogezwa kando. Nafasi yote ya juu, ambayo kwa kawaida imejaa matoazi, iko wazi. Ndiyo maana sauti za kuitikia na gitaa la Pirroni zina mahali pa kukaa. Gitaa lile, nikutahadharishe, halina Burundi hata chembe. Ni gitaa la Kimarekani la miaka ya 1950 na la sinema za makauboi, lenye mtetemo mrefu. Wimbo wa Killer in the Home umejengwa juu ya pigo la gitaa la Link Wray, mzee wa enzi hizo.

Jambo la pili ni kuwa na wapigaji wawili. Ukiwa na watu wawili wanaopiga kitu kilekile, hawawezi kugonga kwa pamoja kabisa. Kuna mwanya mdogo sana kati yao, mdogo kuliko unavyoweza kuhesabu, lakini sikio linauona kama unene. Hiyo ndiyo siri ya kikundi chochote cha ngoma duniani. Ukichukua pigo la mtu mmoja ukalinakili mara kumi kwenye kompyuta, utapata mtu mmoja mwenye kelele. Ukiwachukua watu wawili, umeshapata umati. Juu ya umati huo unaweza kuongeza tabaka nyingine kwenye tepu ya njia nyingi, makofi, vijiti, sauti za wanaume zikiitikia. Nenda kwenye Antmusic, sekunde za mwanzo kabisa. Utasikia vijiti vinagongana, kavu, kimoja kinaingia juu ya kingine, kabla gitaa halijaja. Abatimbo nao hugonga vijiti kwenye mbao ya ngoma, si ngozi peke yake. Wale vijana hapo walisikia vizuri.

Walikosea wapi? Walikosea kwenye inkiranya. Nilikaa siku moja na spika mbili, upande huu rekodi ya Ocora, upande huu albamu ya Waingereza, nikawa naruka huku na huku. Kwenye rekodi ya 1967 kuna ngoma moja inayozungumza na nyingine zinazojibu. Inabadilika wakati wowote, na usipokuwa makini unaachwa. Kwenye albamu hakuna anayeamuru kati ya dramu. Zote mbili ni amashakwe, mkeka mtupu. Pigo limenyooshwa hadi nne kwa nne, hesabu ya moja-mbili-tatu-nne, lenye msisitizo usiobadilika, ili kijana aliye disko asipotee. Ile nafasi ya inkiranya ameichukua mwimbaji. Adam ndiye anayeita, na sauti za wenzake ndizo zinazoitika. Kwa mtazamo wangu hiyo ni kazi ya akili. Wamechukua umbo la kuita na kuitika, wakalihamisha kutoka kwenye ngozi hadi kwenye koo. Ndiyo maana unazisikia ngoma lakini huzitambui: mfalme wao ameondolewa katikati na nafasi yake amekaa mtu aliyevaa koti la kijeshi.

Koti hilo nalo lina hadithi, lakini niipitie haraka. Ni koti la askari wa farasi wa zamani, lenye nyuzi za dhahabu kifuani, la kukodi kwenye ghala la mavazi ya sinema. Usoni kajichora mstari mweupe unaopita juu ya pua, ameuiga kwa Waapachi wa Marekani. Nyimbo zake zinataja maharamia, makauboi, makabila ya Wahindi Wekundu. Unaona basi? Burundi ilikuwa kikorokoro kimojawapo kwenye sanduku la maigizo. Ile "wild frontier" haiko Afrika wala Marekani, iko kichwani mwa mvulana wa London aliyekua akitazama filamu Jumamosi.

Kutoka kwa albamu kulikuwa na mbio zake. Singo ya kwanza, ule wimbo wa jina la albamu, ilitoka Julai 1980 ikaishia nafasi ya 48. Mwezi huohuo McLaren naye akaitoa Bow Wow Wow kwa wimbo wenye pigo la ukoo uleule, C·30 C·60 C·90 Go, ukiuzwa pia kwenye kaseti, na maneno yake yanasifia kurekodi nyimbo kutoka redioni bila kununua. Ulifika nafasi ya 34. Kwa hiyo raundi ya kwanza mwalimu alimshinda mwanafunzi. (Wimbo huo ungefaa kuwa wimbo wa taifa wa Afrika Mashariki ya wakati ule. Nani kati yetu alinunua kaseti halisi?)

Oktoba ikatoka Dog Eat Dog. Bendi ikaalikwa Top of the Pops, kipindi cha televisheni ambacho nchi nzima ilikuwa ikikitazama, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Watu waliona dramu mbili ubavu kwa ubavu, mstari mweupe usoni, koti la dhahabu. Wimbo ukapanda hadi nafasi ya 4. Albamu ikatoka Novemba ikiwa na nyimbo 12. Kisha Antmusic ikaenda hadi nafasi ya 2, na kilichoizuia isishike namba moja ni Imagine ya John Lennon, aliyekuwa ameuawa Desemba 8, nchi nzima ikiomboleza kwa kununua santuri zake. Januari 1981 albamu ikashika namba moja, na mwaka ulipokwisha ikawa ndiyo iliyouzwa kuliko zote Uingereza kwa mwaka huo. Ile singo ya kwanza iliyokuwa imelala nafasi ya 48 ikatolewa upya, safari hii ikafika ya 2. Mwaka 1982 albamu ikapata tuzo ya Brit ya albamu bora ya Uingereza. Huyo aliyekwambia "iliuza kuliko zote" hakuwa mbali na ukweli. Kufikia hapo bendi yenyewe ilikuwa inavunjika. Hughes akaendelea na kazi ya uprodyuza, na albamu za kwanza za bendi ya Tears for Fears ni kazi ya mikono yake.

Na fedha? Nyimbo zimeandikwa kwa jina la Ant na Pirroni. Kisheria hawakumwibia mtu, na nataka hili ulielewe vizuri kabla hujakasirika. Sheria ya hakimiliki inalinda utungo wenye mtunzi na rekodi yenye mwenye kurekodi. Pigo la ngoma peke yake, mpangilio wa nzito na nyepesi, halina mwenyewe mbele ya mahakama, na ni vizuri liwe hivyo, la sivyo kila dansi la Kinshasa lingekuwa kizimbani. Rekodi ya 1967 ina mwenyewe, lakini mwenyewe huyo ni aliyeshika mashine. Waliopiga walikuwa wageni kwenye sauti zao. Inashangaza kwamba mwaka huohuo wa 1967, huko Stockholm, mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, uliongezewa kifungu, cha 15(4), kinachoiruhusu nchi kuteua chombo cha kulinda kazi ambazo hazijachapishwa na mtunzi wake hajulikani. Kifungu kiliwekwa kwa kufikiria ngano na nyimbo kama hizo. Karibu hakuna aliyekitumia.

Sisemi haya nikiwa mtu safi. Miaka ya 1990 nilikuwa fundi sauti kwenye studio moja, na tulikwenda upande wa Kigoma kurekodi wazee wa Kiha wakipiga ngoma na kuimba. Tuliwapa soda, nauli na shukrani nyingi. Kaseti nikaja nayo, nikamnakilia rafiki yangu mmoja "ya kusikiliza tu." Mwaka haujaisha nikasikia ngoma zile redioni chini ya tangazo la sabuni. Mmoja wa wale wazee alikuja mjini kumtibu mjukuu wake, akazisikia kituo cha mabasi. Akanitafuta mpaka akanipata. Hakudai hela. Aliniuliza, "Kijana, ile iliyokohoa katikati si mimi?" Alikuwa yeye. Kikohozi chake kilikuwa kimepita hewani mara kumi kwa siku kwa miezi mitatu, na jina lake sikuwa nimeliandika popote. Nililitafuta kwenye daftari langu mbele yake, sikulipata.

Kuna kituo cha mwisho, na hiki mara nyingi husahauliwa. Julai 1982 abatimbo wenyewe walifika Uingereza, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, la muziki wa nchi mbalimbali, lililoanzishwa na Peter Gabriel na wenzake, huko Shepton Mallet. Walipiga, na wakapanda jukwaani pamoja na Echo & the Bunnymen, bendi nyingine ya wimbi lilelile. Tamasha liliingia hasara kubwa hadi Gabriel akalazimika kurudiana na bendi yake ya zamani, Genesis, kwa usiku mmoja ili kulipa madeni. Lakini ngoma zilikuwa zimesikika kwa mikono ya wenyewe. Mwaka 1992 lebo ya Real World ikatoa albamu yao, The Drummers of Burundi, rekodi ya onyesho moja linaloendelea bila kukatwa. Hiyo itafute, uisikilize kwanza kabla hujagusa kompyuta yako. Isikilize kwa spika, siyo kwa vile visikilizio vya sikioni, maana uzito wake uko chini kabisa.

Sasa wewe. Kwanza ruhusa, kwa sababu huko kwenu kuna kanuni ambazo Adam hakuwa nazo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme kwenye orodha yake ya urithi, na Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais inayosema kikundi kinachotaka kupiga nje ya sherehe rasmi kiombe kibali wizara ya utamaduni na kilipe ada, na inakataza wanawake kupiga. Unaweza kuipenda au kuichukia amri hiyo, mimi ile ya wanawake inanikera, lakini usiwaingize wazee studio kabla hujaulizia wizarani inasemaje leo. Wakikamatwa ni wao, siyo wewe.

Pili, usichukue kipande cha rekodi ya zamani mtandaoni eti kwa kuwa kila mtu anakichukua. Utakuwa unamlipa, au unamkwepa, mwenye mashine wa 1967, na mpigaji bado hayumo. Nenda Gishora, kwa wapiga ngoma wa kifalme karibu na Gitega, au kwa kikundi cha mtaani kwenu, uwarekodi mwenyewe. Andikianeni karatasi, hata ya ukurasa mmoja, kwa Kirundi au Kiswahili wanachokisoma wao: ni wimbo upi, kila mmoja anapata nini siku hiyo, na wimbo ukiuzwa wanapata sehemu gani. Majina yote, siyo la kiongozi peke yake. Majina hayo uyaandike pia pale unapopakia wimbo mtandaoni, kwenye nafasi ya wasanii, maana zile programu zina nafasi hiyo na watu huiacha tupu.

Tatu, maiki. Ukiwa na mbili tu, usiziweke karibu na ngoma. Ngozi nzito ikipigwa karibu inakupa mlio wa kibao na mtetemo unaovuruga kila kitu. Simama hatua sita au saba mbele ya nusu duara, nje, penye uwanja wa udongo, ziinue maiki juu ya kichwa cha mtu, ziachane kiasi cha mkono. Ukipata ya tatu, hiyo uipeleke kwa inkiranya, pembeni ya mbao na siyo juu ya ngozi, kwa sababu anayeipiga ataruka na fimbo zitapita hapo. Punguza sauti ya kuingilia kuliko unavyodhani inatosha. Watakapokuwa wanajaribu watapiga kwa upole, na wakishachangamka watapiga mara mbili yake.

Usiwape klik masikioni, ule mlio wa kuhesabia mapigo. Usiwanyooshe baadaye kwenye kompyuta hadi wakae kwenye mistari. Kama wimbo wako ni wa nne kwa nne na wao hawakai humo, badilisha wimbo. Na kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi, mwombe kila mmoja aseme jina lake na ngoma anayoipiga, kwa sauti, mbele ya maiki, kuanzia wa inkiranya.